Matengenezo ya Boti ya Injini ya Ndani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya yanahusu boti za namna gani?

Yanahusu boti yenye injini ya dizeli iliyofungwa ndani ya chombo, ikiwa na giaboksi, shafti inayopenya kuelekea tezi, na propela iliyo chini ya maji. Vyombo vya namna hii vinaonekana katika mwambao wote, kuanzia Lamu na Kilifi hadi Tanga, Unguja, Mafia na Kilwa: boti za uvuvi, boti za mizigo na abiria, na mashua za tanga ambazo wenyewe wameziongezea mashine. Injini zenyewe zinatofautiana sana, kwa hiyo penye tofauti kati ya maelezo haya na kitabu cha mtengenezaji wa injini yako, fuata kitabu. Mashine za nje zinazofungwa kwenye shetri hazikuguswa humu.

Je, mtu asiye fundi anaweza kweli kuitunza injini ya boti?

Anaweza, na inampasa. Fundi huitwa mambo yakiwa yameshaharibika, ilhali mwenye chombo ndiye anayeusikia mlio wa injini kila siku na kuujua unapobadilika. Dizeli nzuri inaweza kufanya kazi maelfu ya saa, na nyingi zinazokufa mapema huuawa na mambo matatu: maji ya bahari yaliyopata njia pasipotakiwa, joto lililoachwa lipande, na dizeli chafu. Yote matatu hutoa dalili mapema, na dalili hizo zinatambulika kwa macho, kwa pua na kwa kiganja cha mkono.

Kazi ambazo ningemshauri mwenye chombo amwachie fundi ni chache: kufungua pampu ya nozeli (inayosukuma dizeli kwa shinikizo), kupima nozeli zenyewe (zinazoipulizia ndani ya silinda), kufungua silinda hedi, na kuingia ndani ya giaboksi. Zinataka vipimo na vifaa ambavyo havipatikani ufukweni.

Nikague nini kila asubuhi kabla ya kuwasha?

Fungua kifuniko cha injini kabla ya kugusa ufunguo, unuse, kisha utazame ngama, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya chombo ambapo maji hukusanyika. Harufu ya dizeli au ya mpira ulioungua ni habari, na maji yaliyoongezeka kwenye ngama usiku kucha pia ni habari. Pima oili kwa kijiti chake. Tazama maji ya ndani ya injini wakati bado ni baridi, kwa sababu kifuniko kikifunguliwa cha moto maji yanaruka na kuunguza uso. Bonyeza mkanda wa alteneta kwa kidole gumba katikati ya puli mbili. Ukizama takriban sentimita 1 uko sawa. Tazama chujio la maji ya bahari, kisha hakikisha valvu ya kuingizia maji hayo imefunguliwa.

Baada ya kuwasha, inama utazame ekzosi kabla ya kufungua kamba. Ikiwa injini yako inatema maji pamoja na moshi, maji hayo yanapaswa kuonekana mara moja. Yasipoonekana ndani ya nusu dakika, zima. Nahodha mwenye desturi ya kutazama maji ya ekzosi kila anapowasha ataokoa injini nyingi kuliko mwenye saa nzuri za kupimia joto, kwa sababu kipimo cha joto husoma maji, na maji yakiwa yamekwisha kabisa kinaweza kubaki kimetulia huku chuma kinaungua.

Oili ibadilishwe kila baada ya muda gani, na itolewe vipi ikiwa chini ya injini hakuna nafasi?

Vitabu vingi vya injini za boti vinataka oili ibadilishwe kati ya saa 100 na 250 za kazi, au mara moja kwa mwaka hata kama saa hizo hazijatimia, kwa maana oili iliyotumika hubeba asidi na unyevu vinavyokula beringi hata chombo kikiwa kimelala. Injini mpya huhitaji kubadilishiwa mapema zaidi, mara nyingi baada ya saa 50 za mwanzo. Kama boti haina kipimo cha saa, andika saa za kuwasha na kuzima kwenye daftari.

Nati ya kumwagia oili aghalabu haifikiki kwenye boti, kwa hiyo oili huvutwa kwa pampu ndogo ya mkono kupitia tundu la kijiti cha kupimia. Iwashe injini dakika kumi kwanza ili oili iwe ya vuguvugu na uchafu uelee, kisha izime na uvute. Filta mpya ipakwe oili safi kwenye mpira wake, izungushwe kwa mkono mpaka mpira uguse, halafu iongezwe robo tatu ya mzunguko. Spana ni ya kufungulia filta tu. Katika joto la mwambao wetu, oili ya dizeli ya 15W-40 inazifaa injini nyingi.

Usiimwage oili ya zamani bila kuisoma. Isugue kati ya vidole: chembe zinazometa ni chuma kinacholika, na harufu kali ya dizeli maana yake dizeli inavuja kuingia kwenye oili. Kijiti kinachoonyesha oili imeongezeka, wakati hukuongeza, ni dalili mbaya kuliko kinachoonyesha imepungua.

Oili imekuwa ya rangi ya maziwa. Nifanye nini?

Usiiwashe tena. Rangi hiyo ni maji yaliyochanganyika na oili, na ikiwa ni maji ya bahari, kutu huanza kwenye silinda na beringi ndani ya muda mfupi, kwa hiyo kazi hii ifanyike siku hiyohiyo. Maji yanaweza kuwa yamepitia gasketi ya silinda hedi, kipoza oili kilichotoboka, sili ya pampu ya maji iliyofungwa ubavuni mwa injini, au yamerudi nyuma kupitia ekzosi. Toa oili yote, tia nyingine ya bei nafuu, na ikiwa una hakika kwamba hakuna maji ndani ya silinda, iendeshe dakika chache bila mzigo, uimwage, na urudie mpaka itoke safi. Kisha tafuta njia iliyopitisha maji, maana kusafisha peke yake hakuzuii chochote.

Ikiwa maji yameingia kwenye silinda zenyewe, usipige stata. Maji hayabanwi kama hewa, na pistoni ikigonga maji hukunja mkono wake. Toa nozeli, izungushe injini kwa mkono mpaka maji yote yatoke, tia oili kidogo kwenye kila silinda, ndipo uendelee.

Joto linapanda tukiwa baharini. Nianzie wapi?

Punguza mwendo kwanza, na kama kipimo hakishuki, zima na utie nanga au utandaze tanga ulilo nalo. Maji ya bahari yetu yenyewe yana nyuzi 25 hadi 30 mwaka mzima, hivyo mfumo wa kupoza hauna akiba kubwa kama ulivyo katika bahari za baridi. Kizuizi kidogo tu kinaonekana haraka.

Fuata njia ya maji kuanzia yanapoingia. Sababu ya kawaida kuliko zote iko nje ya chombo: nyasi za bahari, mwani, au kipande cha plastiki kilichonaswa kwenye wavu wa kuingizia maji. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwaka 2017 na Tanzania Bara mwaka 2019, lakini ile iliyotupwa zamani bado inaelea. Zima injini, na mara nyingi kizuizi huanguka chenyewe mvuto unapokoma. Kama hakijaanguka, funga valvu, ufungue chujio, ulisafishe, kisha ufungue valvu kidogo utazame kama maji yanapanda kwa nguvu.

Chujio likiwa safi na maji yanapanda vizuri, mtuhumiwa anayefuata ni impela, kisha mkanda unaoiendesha pampu, kisha mpira wa maji uliolegea ndani kwa ndani. Mpira wa zamani unaweza kuonekana mzima kwa nje huku ngozi yake ya ndani imejikunja na kuziba. Thamostati (valvu inayofunguka kwa joto kupitisha maji) na kibadilisha joto (ambamo maji ya bahari hupoza maji ya ndani ya injini) huja mwishoni, kwa kuwa vyenyewe huharibika polepole: joto hupanda kidogo kila mwezi, na nahodha huzoea. Ndiyo sababu inafaa kuandika joto la kawaida la injini yako ikiwa katika mwendo wa kawaida, ili upate cha kulinganishia.

Impela ni nini hasa, na kwa nini inasisitizwa kiasi hiki?

Ni gurudumu dogo la mpira lenye mabawa, linalozunguka ndani ya pampu ya maji ya bahari. Hutegemea maji hayohayo kuilainishia njia. Ikizunguka bila maji, mabawa yake huungua na kukatika ndani ya muda mfupi sana, na kusahau kufungua valvu asubuhi moja kunatosha kuimaliza.

Ibadilishe kila mwaka, hata kama inaonekana nzima, na uwe na nyingine chomboni pamoja na gasketi ya kifuniko chake. Funga valvu, fungua kifuniko, ivute taratibu bila kukwaruza nyumba yake ya shaba. Mpya ipakwe gliserini au maji ya sabuni, isipakwe grisi ya kawaida, kwa kuwa mafuta ya petroli huharibu mpira wa aina nyingi. Kama impela ya zamani imepoteza mabawa, hesabu yaliyokosekana na uyatafute yote. Huenda yamekwama kwenye mdomo wa kibadilisha joto, na yakiachwa humo utabadilisha impela mara tatu bila joto kushuka.

Maji ya kisima yanafaa kutiwa ndani ya injini?

Hapana, isipokuwa hakuna jingine na uko njiani kurudi. Visima vya pwani vingi vina chumvi na chokaa. Tumia kulanti (kimiminika cha kupozea injini) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa. Huku kwetu hakuna barafu, na hivyo wengi huiona kuwa gharama ya bure, lakini kulanti hubeba dawa ya kuzuia kutu na huongeza nyuzi ambazo maji huchemkia. Ibadilishwe takriban kila miaka miwili.

Zipo injini zisizo na maji ya ndani kabisa, ambazo maji ya bahari hupita moja kwa moja kwenye chuma chake. Hizo hufungwa thamostati ya nyuzi za chini, karibu 60 au pungufu, kwa sababu chumvi huanza kuganda kwenye njia za maji joto likizidi hapo. Usiibadilishe kwa thamostati ya gari.

Kwa nini dizeli yangu inaziba filta kila mara?

Kwa sababu ina maji. Dizeli inayonunuliwa kwa madumu, ikamiminwa ufukweni kwa mrija, huingia na maji na mchanga, na tanki lililo nusu tupu huongeza mengine kwa unyevu wa hewa ya usiku unaotona ndani ya kuta zake. Maji hukaa chini ya dizeli, na pale yanapokutana huota vijidudu vinavyotengeneza ute mweusi. Ute huo hutulia chini ya tanki mpaka siku bahari inapochafuka. Ndipo unapotibuliwa na kufika kwenye filta kwa pamoja. Hii ndiyo sababu injini inayofanya kazi vizuri bandarini huzimika katikati ya mkondo wa Pemba, mahali ambapo nahodha anaihitaji kuliko popote.

Chuja dizeli kabla haijaingia tankini kwa faneli yenye wavu wa kutenga maji. Funga filta mbili: ya kwanza yenye bilauri ya kutenga maji karibu na tanki, ya pili ile ya injini yenyewe. Bilauri itazamwe kila siku na imwagwe maji yakionekana. Jaza tanki chombo kinapolala. Na mara moja kwa mwaka vuta kile kilicho chini kabisa ya tanki, ukitie kwenye chupa ya kioo na kukiacha kitulie saa moja. Utakachokiona kitakuambia kama tanki linahitaji kufunguliwa na kusafishwa.

Nitaitoaje hewa kwenye mfumo wa dizeli?

Hewa huingia unapobadilisha filta au tanki linapokauka, na dizeli yenye hewa haiwaki. Kazi hii kila mwenye boti ajifunze akiwa ametia nanga penye utulivu, maana siku atakayoihitaji chombo kitakuwa kinayumba.

Anza karibu na tanki na uende kuelekea injini. Legeza skrubu ya hewa juu ya filta ya kwanza, piga pampu ndogo ya mkono iliyo kwenye mfumo mpaka itoke dizeli isiyo na mapovu, kaza. Rudia kwenye filta ya pili, kisha kwenye pampu ya nozeli. Mara nyingi inatosha. Ikikataa, legeza nusu mzunguko nati za mabomba membamba kwenye nozeli, sukuma stata mpaka dizeli itone kwenye kila moja, kaza, na uwashe. Usiweke kidole wala kiganja mbele ya dizeli inayoruka kutoka nozeli: shinikizo lake hupenya ngozi na kuingiza dizeli mwilini, na jeraha la namna hiyo huonekana dogo lakini linataka hospitali papo hapo.

Nimepiga stata mara nyingi na haijawaka. Kuna hatari gani?

Ikiwa ekzosi yako inapozwa kwa maji, hatari ni kubwa. Kila unapopiga stata, pampu huvuta maji ya bahari na kuyasukuma kwenye ekzosi, lakini moshi wa kuyatoa nje haupo. Maji hujaa na hatimaye hurudi kwenye silinda. Baada ya majaribio machache mafupi, funga valvu ya maji ya bahari, endelea kutafuta tatizo, na ufungue valvu mara tu injini inapowaka. Tundika ufunguo wa boti kwenye mkono wa valvu wakati imefungwa, ili asiwepo wa kuwasha bila kuifungua.

Rangi ya moshi ina maana gani?

Moshi mweusi ni dizeli nyingi kuliko hewa: chujio la hewa limeziba, mzigo umezidi, au propela na chini ya chombo pameota viumbe. Moshi wa bluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe wa asubuhi unaoisha injini ikipata moto si wa kuhofia. Ukiendelea, ni dizeli isiyoungua au mvuke wa maji, na harufu itakutenganishia.

Maji yanadondoka pale shafti inapotoka. Nikaze pakingi?

Pengine hapana. Boksi la pakingi la kawaida, lenye kamba ya katani iliyotiwa nta au grisi, limetengenezwa lidondoshe matone mawili matatu kwa dakika shafti inapozunguka, kwa sababu maji hayo ndiyo yanayoipoza. Shafti ikisimama, matone yakome au yakaribie kukoma. Kosa linaloharibu shafti nyingi ni kukaza mpaka pakauke kabisa. Pakingi huungua, hukauka kama ukuni, na huchimba mfereji kwenye chuma ambao hautibiki ila kwa shafti mpya.

Ukihitaji kukaza, kaza nati robo ya mzunguko, rudishia nati ya kufungia, endesha chombo dakika kumi kwa mwendo wa kawaida, kisha zima na uguse boksi. Vuguvugu ni sawa. Likikuchoma, legeza.

Pakingi isiyokazika tena ibadilishwe, na ni salama zaidi chombo kikiwa kimepwelewa. Toa pete zote za zamani kwa ndoana ndogo. Watu wengi huongeza pete mpya juu ya ile iliyooza, na hiyo ya ndani huendelea kuila shafti. Pima nafasi kati ya shafti na boksi ili upate unene sahihi wa kamba, izungushe kwenye shafti, ikate kwa mshazari, na utie pete moja moja, maungio yake yakipishana theluthi ya duara. Kaza kwa mkono tu. Utamalizia chombo kikiwa majini.

Chombo kinatikisika kuliko zamani. Tatizo liko wapi?

Tazama propela kwanza: kamba iliyojizungusha au bawa lililopinda vinatosha kuleta mtikisiko. Kisha ishike propela uitikise juu na chini ili kupima bushi ya mpira inayoshika shafti. Ikicheza waziwazi, imekwisha. Baadaye angalia miguu ya mpira inayobeba injini, kama imepasuka au imelowa dizeli.

Mara nyingine injini na shafti haviko tena katika mstari mmoja. Hili hupimwa chombo kikiwa kinaelea, na baada ya kukaa majini siku kadhaa, kwa maana chombo cha mbao kilichokaa juu ya gadi (nguzo za kukiegemeza nchi kavu) hubadilika umbo kidogo. Fungua bolti za sahani mbili zinazounganisha giaboksi na shafti, zisogeze zigusane, na upime nafasi kati yake kwa fila geji (vipande vyembamba vya chuma vya kupimia nafasi) juu, chini, kulia na kushoto. Kwa sahani yenye kipenyo cha milimita 100, tofauti isizidi milimita 0.1. Hurekebishwa kwa nati za miguu ya injini, kidogo kidogo, kwa subira.

Zinki zina kazi gani, na je, zinahitajika ziwani?

Metali tofauti zikikutana ndani ya maji ya chumvi, mkondo mdogo wa umeme hupita kati yake na ile dhaifu hulika. Zinki huwekwa makusudi ili iliwe badala ya propela, shafti na kibadilisha joto. Kwa hiyo zinki isiyolika baada ya miezi mingi haifanyi kazi: imepakwa rangi, au haigusi chuma kilicho kitupu. Ibadilishe ikibaki nusu, na usisahau kile kijiti cha zinki kilicho ndani ya kibadilisha joto, ambacho wenye boti wengi hawajawahi kukiona.

Kwa wale wa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika, zinki haifai, kwa kuwa katika maji yasiyo na chumvi hujifunika ganda na kulala. Hapo hutumika magnesiamu au aluminiamu. Magnesiamu nayo isiletwe baharini, itaisha upesi mno.

Nikipweleze chombo lini, na nifanye nini humo ndani ya maji kupwa?

Wenye vyombo wa pwani hii wamepewa gati la ukarabati lisilo na malipo. Wakati wa bamvua, yaani maji makubwa, karibu na mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji ya Unguja, Dar es Salaam na Mombasa hupanda na kushuka mita 3 hadi 4, na kupwa kwake huangukia karibu saa nne na saa tano asubuhi, mchana wote ukiwa mbele yako. Ufukwe wa mchanga mgumu usio na mawe, gadi mbili imara kila upande, na saa nne au tano za kufanya kazi mkavu: hicho ndicho kinachohitajika.

Chagua siku kwa uangalifu. Usipande ufukweni kwa maji makubwa kuliko yote ya bamvua hilo, kwani yanayofuata yatakuwa madogo na chombo kinaweza kukaa hapo mpaka bamvua jingine, takriban wiki mbili. Panda siku moja au mbili kabla ya kilele, ili maji ya kesho yawe na nguvu ya kukuinua. Tandaza nanga upande wa kina kirefu kabla ya kupwelewa.

Maji yakishuka, kwangua mara moja kabla viumbe vyenye magamba havijakauka. Gonga mbao kwa mpini wa bisibisi usikilize penye sauti ya kufa, chunguza maungio kama kalafati (pamba ya kuyazibia) imelegea, safisha wavu wa kuingizia maji, hakikisha nati ya propela na pini yake ya kufungia ziko mahali pake, badilisha zinki. Kisha paka rangi ya shaba ya kuzuia viumbe kuota, au deheni ya chokaa na shahamu kwa chombo cha mbao. Deheni ni nafuu na inapatikana, ila itataka kurudiwa mara nyingi zaidi. Soma kopo la rangi ujue inahitaji saa ngapi kukauka kabla ya maji kurudi. Rangi ya shaba isitumike kwenye chombo cha aluminiamu, itakitoboa. Na kopo la zamani lenye kiambato cha bati liachwe kabisa: mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001, ulioanza kutumika mwaka 2008, uliipiga marufuku rangi hiyo kwa madhara yake kwa kome na konokono wa baharini.

Pampu ya ngama na valvu zinahitaji nini?

Zinahitaji kushikwa mara kwa mara. Fungua na ufunge kila valvu iliyo chini ya maji walau mara moja kwa mwezi, la sivyo itakwama siku mpira utakapopasuka. Kila mpira uliofungwa kwenye valvu hizo uwe na klipu mbili za chuma kisichoshika kutu, na kando ya kila valvu ning'iniza kizibo cha mbao laini chenye ukubwa wa tundu lake. Swichi ya kuelea ya pampu iunganishwe na betri moja kwa moja kupitia fyuzi, ili ifanye kazi hata umeme wa chombo ukiwa umezimwa. Iinue kwa mkono kila wiki. Bado weka ndoo na kata ya kukumbia.

Betri inakufa mapema. Sababu?

Ipime ikiwa imepumzika saa kadhaa: volti 12.6 au zaidi imejaa, 12.0 iko karibu tupu. Injini ikiwaka inapaswa kuonyesha takriban 13.8 hadi 14.4. Ikiwa haipandi, tafuta mkanda uliolegea au nyaya zenye ukungu wa kijani kabla ya kulaumu alteneta.

Injini yangu ni ya petroli. Kuna tofauti?

Ipo moja inayoua. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka kwenye ngama na kukaa humo ukisubiri cheche. Washa feni ya kutoa hewa dakika 4 nzima kabla ya kuwasha, na nusa ngama hata baada ya hapo. Ukisikia harufu, usiguse swichi yoyote.

Oili chafu niipeleke wapi?

Irudishe kwenye dumu na uipeleke gereji inayokusanya oili. Desturi ya kuipaka kwenye mbao za chombo, au kuimwaga pamoja na maji ya ngama karibu na mikoko, inatia sumu palepale ambapo kaa, kamba na samaki wachanga hukulia.

Chombo kitalala miezi ya kusi. Nikiacheje?

Kwenye maeneo kama Lamu, kusi ya Juni hadi Agosti huvilaza vyombo vingi, na injini huharibika zaidi katika kulala huko kuliko katika kazi. Badilisha oili kabla, si baada. Pitisha maji yasiyo na chumvi kwenye njia ya maji ya bahari: tia bomba la maji kwenye ndoo na uiache pampu ivute yenyewe ikiwa imewaka, kwa maana bomba lenye shinikizo likiunganishwa moja kwa moja na injini iliyozimwa hujaza ekzosi. Jaza tanki, chomoa betri, toa impela na uifunge kwenye mfuko uliotundikwa kwenye usukani pamoja na karatasi inayosema imetolewa. Ziba mdomo wa ekzosi. Kila wiki mbili izungushe injini mzunguko mmoja na robo kwa mkono, ili pete za pistoni zisilale mahali pamoja.

Chombo cha mbao kilichokaa nchi kavu hufunguka maungio yake. Kabla ya kukirudisha baharini, kilowanishe kwa siku kadhaa kwa magunia mabichi, na siku ya kukishusha usiondoke: kaa ndani yake, pampu ikiwa tayari, mpaka mbao zivimbe na maji yaache kuingia.